Jinsi ya Kupima Nguvu ya Udongo Mbadala wa Mwezi na Mirihi: Mwongozo Kamili wa Maabara

Ukiagiza ndoo ya udongo mbadala wa Mwezi, yaani udongo wa duniani ulioandaliwa kuiga wa Mwezi, itakuja na karatasi yenye namba: msongamano, mshikamano (jinsi chembe zinavyoshikana hata bila mzigo), pembe ya msuguano (jinsi zinavyokataa kuteleza zinapobanwa). Namba hizo si za uongo, ila si zako. Zilipimwa na mtu mwingine, kwenye udongo ulioshindiliwa kwa namna nyingine, ukiwa na unyevu mwingine, chini ya mzigo ambao huenda haukaribii kabisa ule wa gurudumu au mguu unaoujenga wewe. Mchanga uleule ukimiminwa taratibu, kidole kinazama bila kutumia nguvu. Ukitikiswa dakika 10, bisibisi inagoma kuingia. Jina kwenye ndoo halikubadilika, kilichobadilika ni hali ya udongo.

Kwa hiyo mwongozo huu unahusu hali ya udongo kabla ya kuhusu mashine. Umeandikwa kwa mwanafunzi au fundi anayetaka kujaribu gurudumu, koleo, kekee au mguu wa chombo cha kutua, na aliye na maabara ya kawaida ya udongo: mizani, chekeche, tanuri na sanduku la kukatia udongo. Ombwe na ndege ya kuondoa uzito si lazima uwe navyo. Usichoweza kukosa ni subira ya kurudia kipimo kilekile mara tano.

Jua kwanza unaiga nini

Udongo wa Mwezi umetokana na mawe kupondwa na vimondo vidogo kwa mabilioni ya miaka, mahali pasipo na maji wala upepo wa kuzilainisha chembe. Ndiyo maana chembe zake zina kingo kali, nyingine ndefu kama vijiti, na sehemu kubwa yake ni vibonge vya kioo: vimondo vinapogonga, joto linayeyusha vumbi na kuligandisha pamoja katika maumbo yenye matawi na matundu. Kwa wastani ukubwa wa chembe ni mikromita 40 hadi 130, na kati ya asilimia 10 na 20 ya uzito ni vumbi lililo chini ya mikromita 20. Chembe yenyewe, bila matundu kati yake na jirani, ina takriban gramu 3.1 kwa kila sentimita ya ujazo.

Namba za kuweka ukutani ni hizi. Katika sentimita 15 za juu msongamano ni takriban gramu 1.50 kwa sentimita ya ujazo. Kati ya sentimita 30 na 60 unapanda hadi 1.74. Mshikamano ni kilopaskali (kipimo cha shinikizo) 0.1 hadi 1, na pembe ya msuguano ni nyuzi 30 hadi 50. Mlinganyo unaotumika sana kwa msongamano katika kina fulani ni:

msongamano = 1.92 × (z + 12.2) ÷ (z + 18), ambapo z ni kina kwa sentimita.

Ukiweka z = 0 unapata 1.30; ukiweka z = 100 unapata 1.83. Yaani juu kabisa ni unga uliochangamka, na hatua moja chini ni udongo uliobanana kuliko ambavyo ungeweza kuushindilia kwa mkono. Tabaka la juu hukorogwa na vimondo vidogo bila kukoma, na mtikisiko wa vishindo hivyohivyo huendelea kulibana la chini. Wanaanga wa Apollo 11 walikutana na hali hiyo mwaka 1969. Mrija wao wa kuchukulia sampuli ulikuwa na mdomo unaopungua kuelekea ndani, hivyo udongo ulitakiwa kubanika zaidi ili uingie. Udongo uliokwisha kubanana ulikataa. Buzz Aldrin aligonga kwa nyundo na mirija ikapata sentimita chache tu zaidi ya kumi. Mdomo ulibadilishwa kwa safari zilizofuata.

Mirihi ni habari tofauti. Kuna upepo, kuna chumvi, na palikuwa na maji. Vyombo vya Viking vilivyotua mwaka 1976 vilichimba mitaro kwa mkono wa chuma, na tofauti zilionekana hata katika eneo dogo lililofikiwa na mkono huo: vumbi laini lenye pembe ya msuguano ya nyuzi 18 hivi, na udongo wa mabonge wenye mshikamano wa kilopaskali 5.5 hivi. Hatari kubwa ya Mirihi ni ukoko: tabaka gumu lililogandishwa na chumvi, chini yake mchanga usioshikana. Gari la Spirit lilikata ukoko wa namna hiyo mwaka 2009, likazama katika mchanga wenye salfeti, na halikutoka tena.

Kisa kinachonigusa kuliko vyote ni cha kifaa cha kuchimba cha InSight, chombo kilichotua Mirihi; kifaa hicho kilitengenezwa na shirika la anga la Ujerumani, DLR. Kilikuwa na urefu wa sentimita 40 na kilitakiwa kujigongelea chini hadi mita 5. Kilitegemea msuguano wa udongo pembeni ili kisirudi nyuma kila kinapopiga. Kilianza kugonga Februari 2019, na udongo wa hapo ukashikana kama ukuta wa shimo badala ya kumwagika na kukikumbatia. Hadi kazi ilipositishwa Januari 2021 ncha yake ya nyuma ilikuwa sentimita 2 au 3 tu chini ya uso. Hesabu zao hazikuwa mbovu; walizipiga kwa udongo wa tabia nyingine. Wewe unayeandaa ndoo ya udongo maabarani ndiye unayeamua chombo kitakutana na tabia ipi kabla hakijaruka.

Hatua ya 1: Chagua udongo kwa kazi, si kwa sifa

Hakuna udongo mbadala unaoiga kila kitu. Anayetaka kutoa oksijeni kwenye madini anahitaji kemia sahihi. Anayejaribu gurudumu anahitaji ukubwa wa chembe, umbo lake na msongamano.

JSC-1A hutokana na majivu ya volkano ya Arizona na ina kioo kingi, kwa hiyo inafaa kwa kazi za maeneo meusi ya Mwezi, ya basalti, yaani jiwe jeusi la volkano. NU-LHT iliundwa kuiga nyanda za juu, zile nyeupe. GRC-1 ni mchanganyiko wa michanga ya kwatzi tu. Kemia yake haina undugu na Mwezi, lakini ilipangwa makusudi ili magurudumu yaitikie kama kule juu, na ni rahisi kuijaza kwenye hodhi kubwa. Kwa gurudumu ningeichukua hiyo bila kusita.

Kwa Mirihi, JSC Mars-1 ya Hawaii inashabihi rangi ya sayari hiyo vizuri, ila chembe zake ni nyepesi mno, karibu gramu 1.9 kwa sentimita ya ujazo, na hufyonza unyevu wa hewani kwa pupa. Usiitumie kupima mzigo. MMS, iliyotokana na basalti ya jangwa la Mojave, ni bora kwa kazi za nguvu. MGS-1 imepangwa kimadini kwa kufuata udongo uliochunguzwa na gari la Curiosity katika kreta ya Gale.

Andika kwa sentensi moja swali unalotaka kujibu. "Gurudumu la upana wa sentimita 10 litazama kiasi gani kwenye sentimita 15 za juu za Mwezi?" ni swali. "Kuchunguza tabia za udongo" si swali, na litakupotezea miezi.

Hatua ya 2: Linda mapafu

Usiruke hatua hii. Vumbi la kwatzi lililo laini linaharibu mapafu, na madhara yake hayarudi nyuma. Harrison Schmitt wa Apollo 17 alipata mafua ya ghafla kama ya mzio baada ya kuvuta vumbi la Mwezi ndani ya chombo, na hilo lilikuwa kidogo tu lililobebwa na mavazi.

Vaa barakoa ya kuchuja chembe inayoziba usoni, si ya kitambaa. Mimina udongo chini ya kinyonya hewa. Usifagie vikavu, futa kwa kitambaa chenye maji au tumia mashine ya kunyonya yenye chujio la chembe ndogo sana. Funika pia beringi, lenzi na mota. Vumbi hili ni msasa.

Hatua ya 3: Kausha, na ujue umekausha nini

Kwa udongo wa basalti au kwatzi, tanuri la nyuzijoto 110 kwa saa 24 linatosha. Kwa udongo wa Mirihi wenye jasi au salfeti nyingine, shuka hadi nyuzijoto 60 na ukaushe kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu joto la 110 linafukuza maji yaliyo ndani ya madini yenyewe, na utabaki na udongo mwingine kabisa.

Acha upoe ndani ya chombo kilichofungwa chenye kikausha unyevu. Pima uzito, urudishe tanurini saa mbili, pima tena. Uzito usipobadilika, umekauka. Unyevu ni uzito uliopotea ukigawanywa kwa uzito mkavu.

Kwa nini ujisumbue hivi? Tabaka jembamba la maji kati ya chembe huvuta chembe pamoja na kukupa mshikamano ambao Mwezini haupo. Kwa upande mwingine, katika ombwe nyuso za chembe huwa safi zaidi na huweza kushikana kwa njia ambayo hewa yetu inaizuia. Hivyo hewa inakudanganya pande zote mbili. Huwezi kuiondoa bila chemba ya ombwe, lakini unaweza kuandika unyevu wa udongo na wa chumba kila siku ya kazi. Nimewahi kuona mshikamano ukipanda wiki ya mvua na kushuka wiki ya jua, sampuli ileile, mikono ileile.

Hatua ya 4: Changanya kabla ya kuchota

Ndoo iliyosafirishwa imetikiswa, na mtikisiko hupandisha chembe kubwa na kushusha vumbi. Ukichota juu, unapima changarawe. Ukichota chini, unapima unga.

Funga ndoo, ilaze, izungushe sakafuni kwa dakika kadhaa. Kisha mimina kichuguu juu ya turubai, kigawe robo nne, tupa robo mbili zinazotazamana, changanya zilizobaki, gawa tena. Rudia hadi ubaki na kiasi unachohitaji. Fanya hivyo kila unapochota, hata kama unaona uvivu.

Baada ya hapo chekecha, kuanzia tundu la milimita 1 hadi mikromita 75. Kilichopita mikromita 75 usikichekeche kikavu, kwani vumbi hushikamana na kuziba matundu; kioshe kwa maji na ukipime kwa kuangalia kasi ya chembe kutua, au kwa mashine ya leza kama ipo. Chora mchoro wa asilimia inayopita dhidi ya ukubwa, uweke kando ya ule wa udongo halisi. Udongo uliokwisha kutumika miezi kadhaa chini ya magurudumu uchekeche tena, maana kingo huvunjika na vumbi huongezeka.

Hatua ya 5: Tafuta mipaka miwili ya msongamano

Hapa ndipo kazi nzima inaposimama au kuanguka. Msongamano peke yake hauzungumzi. Gramu 1.75 kwa sentimita ya ujazo inaweza kuwa legevu kwa udongo mmoja na ngumu kwa mwingine. Unachotaka ni kiwango cha mshindilio: udongo uko wapi kati ya ulegevu wake wa mwisho na ubanikaji wake wa mwisho.

Kwa ulegevu, chukua silinda ya ujazo unaojulikana. Weka faneli mdomo ukigusa chini ya silinda, ijaze udongo, kisha ipandishe polepole kwa kuzunguka, udongo ukitoka bila kudondoka. Sawazisha juu kwa rula bila kugonga. Pima.

Kwa ubanikaji, weka silinda juu ya meza ya mtikisiko, juu ya udongo weka mzigo wa takriban kilopaskali 14, na utikise dakika 8 ikiwa meza inakwenda hezi 60, au dakika 12 kwa hezi 50. Pima kina ambacho mzigo umeshuka na ukokotoe ujazo mpya.

Angalizo moja zito: utaratibu huu uliwekwa kwa michanga isiyo na zaidi ya asilimia 15 ya chembe zinazopita mikromita 75. Udongo mbadala wa Mwezi mara nyingi una karibu nusu. Vumbi hupanda hewani, hushikana na kuacha mapango, na matokeo hutegemea mkono wa mpimaji. Rudia angalau mara tano kila upande, na uandike ulivyofanya kwa undani kiasi kwamba mtu mwingine angeweza kukuiga akiwa peke yake.

Kisha:

kiwango cha mshindilio = (D ÷ d) × (d − m) ÷ (D − m), ambapo m ni msongamano wa chini kabisa, D wa juu kabisa, d ulio nao.

Tuseme m ni 1.45, D ni 1.95, na udongo wako una 1.75. 1.95 ÷ 1.75 ni 1.114, 0.30 ÷ 0.50 ni 0.60, jibu ni 0.67, yaani asilimia 67. Namba hiyo inapendeza, kwa sababu sentimita 15 za juu za Mwezi zina takriban asilimia 65, na chini ya sentimita 30 kiwango kinapita 90. Ukilinganisha maabara na Mwezi, linganisha kiwango hiki kabla ya kulinganisha gramu.

Hatua ya 6: Andaa kitanda cha udongo

Anza na hesabu, si na koleo. Ukitaka sanduku la sentimita 6 kwa 6 lenye kina cha sentimita 2.5 lijae kwa msongamano wa 1.75, ujazo ni sentimita za ujazo 90 na unahitaji gramu 157.5. Pima kiasi hicho, kigawe mara tatu, na ushindilie kila fungu hadi lifike urefu wake. Likikataa kuingia au likipungua, anza upya. Usiongeze kijiko "kidogo tu".

Kwa hodhi la gurudumu kanuni ni hiyohiyo, tabaka za sentimita 2 au 3. Kunyunyiza udongo kutoka urefu uleule kupitia chekeche hutoa kitanda chenye usawa mzuri kwa mchanga, lakini vumbi jingi hupaa na kutua baadaye kama utando. Kwa udongo wenye vumbi ni afadhali kumwaga tabaka na kulitikisa. Kabla ya kila jaribio koroga hodhi lote hadi chini. Udongo unakumbuka kilichopita juu yake.

Hatua ya 7: Kata udongo kwa mizigo midogo

Sanduku la kukatia lina nusu mbili, ya juu na ya chini. Unaweka mzigo juu, unasukuma nusu moja kwa mwendo wa polepole, na kupima nguvu inayohitajika hadi udongo ukatike, upande mmoja uteleze juu ya mwingine. Rudia kwa mizigo tofauti, chora nguvu ya kukatika dhidi ya mzigo, pitisha mstari. Mwinamo wa mstari unakupa pembe ya msuguano, na mahali unapokata mhimili wa wima ni mshikamano.

Wengi wanakosea kwenye mzigo. Maabara ya ujenzi imezoea kilopaskali 50, 100, 200. Sasa hesabu: sentimita 10 za udongo wa Mwezi wenye kilo 1,500 kwa mita ya ujazo, katika mvutano wa Mwezi wa mita 1.62 kwa sekunde mraba, zinabana kwa kilopaskali 0.24. Buti la mwanaanga linabana kwa 7 au 8 tu. Mstari halisi wa udongo uliobanana haujanyooka. Karibu na sifuri umesimama zaidi, mbele unalala. Ukipima mbali na kuurefusha mstari kurudi nyuma, utakata mhimili juu sana na kutangaza mshikamano wa kilopaskali 2 au 3 ambao haupo.

Pima kwa kilopaskali 1, 2, 4 na 8. Kwa sanduku la sentimita 6 kwa 6, kilopaskali 1 ni nyutoni 3.6. Ondoa uzito wa udongo ulio juu ya mstari wa kukatia, takriban nyutoni 0.8, na unabaki na gramu 290 hivi kwa kifuniko na mzigo wake. Kiango cha chuma chenye kilo 4 peke yake kinaleta karibu kilopaskali 11, kwa hiyo kiweke kando na upange vyuma vidogo moja kwa moja juu ya kifuniko. Sukuma sanduku tupu kwanza na upime msuguano wake, kwa sababu kwenye mizigo hii midogo unaweza kuwa mkubwa kama kile unachotafuta. Uutoe kwenye kila namba.

Mfano, kwa kilopaskali: kwa mzigo wa 2 udongo umekatika kwa 2.08, kwa mzigo wa 4 umekatika kwa 3.76. Mwinamo ni 1.68 ÷ 2, yaani 0.84, na hiyo ni pembe ya nyuzi 40. Mshikamano ni 2.08 − 1.68, yaani 0.40. Andika pia nguvu inayobaki baada ya kilele, udongo unapoendelea kuteleza. Gurudumu linalozunguka papo hapo linaishi kwenye namba hiyo ya pili.

Hatua ya 8: Uhakiki kwa ukuta wa wima

Kipimo hiki nakipenda kuliko vyote. Hakihitaji mashine, na kinaumbua mshikamano wa uongo papo hapo. Kata mtaro wenye ukuta wima kwenye kitanda, ongeza kina kidogo kidogo, na upime urefu wa ukuta unapoporomoka. Kisha:

mshikamano = msongamano × mvutano × urefu ÷ (4 × tan(45° + nusu ya pembe ya msuguano)).

Ukuta wa sentimita 10, udongo wa kilo 1,750 kwa mita ya ujazo, pembe ya nyuzi 45: 1,750 × 9.81 × 0.10 ni 1,717. Gawa kwa 4 × 2.414; unapata paskali 178, karibu kilopaskali 0.18. Nyufa za juu huangusha ukuta mapema, kwa hiyo ichukulie namba hii kuwa ya chini. Lakini kama sanduku lilikuambia kilopaskali 2, ukuta huo ungepaswa kusimama zaidi ya mita moja. Hausimami. Rudi hatua ya 7.

Mlinganyo huohuo unaonyesha mvutano unavyobadilisha mambo. Udongo wenye mshikamano wa kilopaskali 0.17, pembe ya nyuzi 35 na kilo 1,500 kwa mita ya ujazo unasimama sentimita 9 hapa duniani, na sentimita 54 Mwezini. Hata mshikamano mdogo kiasi cha kupuuzwa hapa, kule unashika shimo lisifunge. InSight ilipata msiba wake kwa mlango huohuo.

Pembe ya kichuguu, ile unayoipata kwa kumwaga udongo kupitia faneli, ipime pia kwa sababu ni ya dakika tano, ila usiiandike kuwa pembe ya msuguano. Ni ya udongo legevu kupita wote.

Hatua ya 9: Pima kuzama kwa mabamba mawili

Kwa magurudumu na miguu, swali ni udongo unazama kiasi gani chini ya mzigo. Mieczysław Bekker, mhandisi mzaliwa wa Poland aliyeshiriki kuunda gari la wanaanga wa Apollo, aliweka mlinganyo ambao bado tunautumia:

shinikizo = (kc ÷ b + kφ) × zⁿ

z ni kina cha kuzama, b ni upana wa bamba (au nusu kipenyo likiwa la duara), na kc, kφ na n ni namba za tabia ya udongo unazozitafuta. Sukuma bamba dogo kwa mwendo wa polepole, andika nguvu na kina. Kitanda kikiandaliwa upya, sukuma bamba kubwa. Chora kwa mizani ya logi pande zote: utapata mistari miwili inayokaribia kuwa sambamba. Mwinamo ni n, na kila mstari una k yake, yaani shinikizo pale z ikiwa 1. Ukiziita k1 ya bamba dogo b1 na k2 ya bamba kubwa b2:

kc = (k1 − k2) × b1 × b2 ÷ (b2 − b1), kisha kφ = k2 − kc ÷ b2.

Kagua njia yako kwa buti. Namba zinazotumika sana kwa Mwezi ni n = 1, kc = 1.4 na kφ = 820, kwa kilonyutoni na mita. Mtu na vazi lake, kilo 180, ana uzito wa nyutoni 290 hivi Mwezini. Akisimama kwa mguu mmoja wa mita mraba 0.04, upana wa mita 0.10, shinikizo ni kilopaskali 7.3. Gawa kwa 834: mita 0.0088. Chini kidogo ya sentimita moja, na nyayo za Apollo ziko karibu hapo.

Hodhi liwe pana. Kuta na sakafu zikikaribia bamba, udongo unaonekana mgumu kuliko ulivyo. Njia ya uhakika ni kurudia kipimo kimoja kwenye hodhi kubwa zaidi. Namba zikibadilika, la kwanza lilikuwa dogo. Ukiwa na koni ya penetromita (fimbo yenye ncha inayopima ugumu wa udongo), ichomeke sehemu tano za kitanda kabla ya kila jaribio, na ukikuta sehemu moja imeachana na nyingine, koroga upya.

Hatua ya 10: Usisahau mvutano

NASA hutumia gari la majaribio lililopunguzwa uzito, Scarecrow, ili magurudumu yake yabane ardhi ya hapa kama Curiosity inavyobana Mirihi. Ni njia nzuri, ila inapunguza uzito wa gari pekee. Uzito wa chembe za udongo unabaki wa kidunia, na chembe zinazobanwa na uzito wao wenyewe hushikilia gurudumu vizuri kuliko zitakavyofanya kule. Kwa hiyo jaribio la namna hii huelekea kulipendelea gari. Ukiona gurudumu linapanda mteremko kwa shida maabarani, usijiambie kwamba Mwezini litapata nafuu kwa kuwa ni jepesi.

Kwenye daftari, kila namba ya nguvu iandamane na hizi: jina la udongo na fungu lake, mara ngapi umetumika, unyevu wake na wa chumba, msongamano, kiwango cha mshindilio na njia uliyokipata, mizigo uliyotumia, ukubwa wa sanduku au bamba, na mara ulizorudia pamoja na tofauti kati yake. Mshikamano wa 0.4 usio na maelezo hayo haumsaidii mtu. Ukiwa nayo, mwenzako aliye upande mwingine wa dunia anaweza kuandaa kitanda kilekile na kukuambia kama gurudumu lake linazama kama lako.